Viatu vya vidole porini na kambini: kwa nini vinamfaa huyu na kumuumiza yule?

#1 NyayoNyepesi

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba tuvijadili viatu vya vidole kwa matembezi ya porini na milimani, na kwa kukaa kambini. Nazungumzia vile vyenye kifuko cha kila kidole, soli ya mpira ya milimita chache, kisigino na vidole vikiwa usawa mmoja, na ndani hamna sponji la maana. Raba nyepesi na sandali tuziache kwanza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kambini sijaona kiatu kinachovizidi. Ni vyepesi, vinakunjika na kuingia mfuko wa pembeni wa begi, vinakauka haraka, na ukivuka navyo mto vinashika jiwe lenye utelezi kuliko buti. Njiani nako navivaa kutwa nzima kwenye udongo, mizizi na mawe ya wastani, na jioni miguu yangu iko vizuri kuliko enzi za buti.

Linalonisumbua ni hili. Mwenzangu ninayetembea naye tunalingana umri, uzito wetu unakaribiana, mizigo tunagawana sawa. Alinunua vya aina ileile kama vyangu. Njia ileile, mwendo uleule, lakini jioni alikuwa anakanyagia ukingo wa nje wa mguu kwa sababu katikati ya unyayo panawaka moto. Kesho yake alirudia raba zake, na maumivu yalimganda wiki kadhaa.

Kwa nini? Nimesikia majibu mengi na kila moja lina tundu. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Kifundo

Nimetandika mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

#3 MzeeWaButi

Kijana, mguu wa mwenzako umeshasema. Wako bado haujasema tu.

Nikupe historia kidogo. Kampuni iliyovifanya viatu vya vidole vijulikane duniani ni Vibram ya Italia, na hiyo hiyo ndiyo iliyotupa soli nene ya mpira ya buti za mlimani. Mwanzilishi wake, Vitale Bramani, alikuwa mkwea milima. Mwaka 1935 wenzake sita walifia kwenye milima ya Alps, na viatu visivyofaa vikatajwa miongoni mwa sababu. Ndipo akakaa chini akabuni soli ya mpira yenye meno, na kampuni ikaanza 1937. Waitaliano walipofika kilele cha mlima K2 mwaka 1954, mara ya kwanza kwa binadamu, miguuni walikuwa na soli za Vibram.

Sasa mtu kaona wenzake wakifa kwa viatu vyepesi, katumia maisha yake kutengeneza kinga ya mguu, halafu sisi tunataka kurudi kwenye mpira mwembamba wenye vidole. Mimi hapana. Mlima una mawe makali, na kifundo cha mguu kikipinda mbali na barabara hakuna wa kukubeba.

#4 HemaMoja

Mzee shikamoo. Historia ni ya kweli ila umeikata katikati. Wale wakweaji walikuwa na viatu vyepesi vya kukwelea mwamba, na kilichowakuta ni dhoruba ya theluji. Soli nyembamba kwenye theluji na baridi kali ni kifo, hapo sibishani. NyayoNyepesi anauliza kuhusu udongo na mizizi.

Na kifundo: buti ndefu haizuii mguu kupinda kama watu wanavyodhani. Soli ikiwa nene na ngumu, ukikanyaga ukingo wa jiwe mguu mzima unabiruka pamoja na soli, kwa sababu umesimama juu zaidi. Kwenye viatu vya vidole uko chini karibu na ardhi, jiwe linaingia kwenye unyayo, mguu unajikunja kulifuata. Huyumbi sana.

#5 MnyooshaViungo

Habari za humu. Kazi yangu ni mazoezi ya tiba ya viungo, na kesi kama ya mwenzako naziona mara kwa mara.

Mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33, na misuli midogo mingi ambayo kiatu kigumu huipumzisha. Mtu aliyevaa buti na raba zenye sponji tangu utotoni ana misuli ya unyayo iliyolala. Ukimvisha viatu vya vidole ghafla na begi mgongoni, misuli inachoka ndani ya saa chache, halafu kazi inahamia kwenye mifupa mirefu ya katikati ya mguu. Hapo ndipo "panawaka moto".

Kuna utafiti wa Sarah Ridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, uliochapishwa 2013. Walichukua wakimbiaji 36, wengine wakabaki na viatu vyao, wengine wakahamia taratibu kwenye viatu vya vidole kwa wiki 10. Picha za MRI zilionyesha kuwa 10 kati ya 19 waliohamia waliongezeka uvimbe ndani ya uboho wa mfupa mmoja au zaidi wa mguu. Hiyo ni dalili ya mfupa kuelemewa, na ukiendelea kuubana unaweza kupata ufa.

Jambo ambalo watu hulisahau: misuli inazoea ndani ya wiki chache, mfupa na kano vinahitaji miezi. Ndiyo maana mtu anajisikia ana nguvu, anaongeza mwendo, na mfupa bado hauko tayari. Muulize mwenzako alianzaje.

#6 SoliNyembamba

Daktari amenena, ila naongeza jambo. Shida kubwa ni kutua kwa kisigino. Ukivaa viatu hivi lazima utue kwa mbele ya mguu. Daniel Lieberman wa Harvard alilionyesha kwenye jarida la Nature mwaka 2010: wanaotembea peku hutua kwa mbele, wenye viatu vyenye sponji hutua kwa kisigino na mshtuko unapanda mpaka magotini. Mwenzako anatembea kama yuko ndani ya buti, basi.

#7 MnyooshaViungo

#6 hapo naomba nikurekebishe kaka. Utafiti ule ulihusu kukimbia, wala haukuhusu kutembea. Wakimbiaji waliozoea kukimbia peku, wakiwemo Wakalenjin wa Kenya, ndio walioonekana kutua zaidi kwa mbele au kati ya mguu. Binadamu akitembea, hata awe peku tangu azaliwe, kwa kawaida hutanguliza kisigino. Hivyo ndivyo mwili unavyookoa nguvu.

Mtu akianza kutembea kwa ncha za vidole na begi zito, kwa siku moja tu mashavu ya miguu na kano ya kisigino vitamwadhibu. Nimewatibu wa aina hiyo pia, na wote walikuwa wamesoma ushauri wa wakimbiaji wakaupeleka mlimani.

#8 SoliNyembamba

Asante, hiyo ya kutembea nimeielewa. Lakini bado nasimamia kwamba kisigino kinatua namna mbili. Kuna kukipigiza na kuna kukiweka. Mwenye sponji hapigi hesabu ya ardhi, anapigiza. Mwenye soli nyembamba anakiweka. Ukimsikiliza mtu akitembea nyuma yako kwenye njia kavu utamjua ni yupi.

#9 BiKirago

Ndugu zangu, mnazungumza mifupa na mwendo, hakuna aliyeuliza vidole vya huyo mwenzake vikoje!

Mimi kidole changu cha pili ni kirefu kuliko gumba, na cha nne kimejikunja kidogo. Viatu vya kawaida vinanificha aibu, hivi havifichi kitu. Nikichukua saizi inayotosha kidole cha pili, kifuko cha kidole cha nne kinabaki na ncha tupu mbele. Ile ncha tupu ndiyo adui. Unatembea kwenye majani mafupi, ncha inajikunja chini ya soli, unaikanyaga mwenyewe, mpira unavuta kidole kwa nyuma. Mara ya kwanza hujali. Baada ya saa mbili kidole kimeota lengelenge pembeni ya kucha, na bila kujua umeanza kukanyaga kwa namna nyingine ili kukihurumia. Maumivu ya katikati ya mguu yanazaliwa hapo, na chanzo chake ni kidole tu.

Viatu hivi havipimwi kwa namba uliyoizoea. Unapima urefu kutoka kisigino mpaka kidole kirefu kuliko vyote, ukiwa umesimama na uzito wote uko mguuni, na miguu yote miwili kwa sababu haifanani. Unapima jioni, mguu ukiwa umetanuka. Kisha unavivaa unapanda na kushuka ngazi. Ukishuka, kama kidole chochote kinagonga mwisho wa kifuko, saizi hiyo siyo.

#10 Kifundo

Dada BiKirago umetufungua macho. Mkeka wangu umeanza kulipa.

#11 FundiSoli

Mimi kazi yangu ni viatu, nazungumzia kiatu chenyewe.

Mnasema "aina ileile" lakini hata ndani ya viatu vya vidole soli zinatofautiana. Kuna zilizotengenezwa kwa mazoezi ya ndani, laini, hazina meno. Kuna za njia za milimani zenye meno mafupi, na baadhi zina utando mgumu ndani ya soli wa kusambaza ncha ya jiwe. Ukipita kwenye changarawe iliyochongoka na soli ya ndani ya ukumbi, unasikia kila kokoto. Hata kama ni jina lilelile la kiatu, angalia kama soli ni ileile.

La pili, mpira wenyewe. Hauna sponji, kwa hiyo ukilika milimita moja umepoteza sehemu kubwa ya kinga yako. Kwenye buti milimita moja huioni. Tazama chini ya kifuko cha gumba na chini ya kisigino upande wa nje, hapo ndipo panaisha kwanza. Ukiona rangi imebadilika au kitambaa kinachungulia, kiatu kimestaafu.

Na jamani, msivikaushe karibu na moto! Gundi inayoshika mpira na kitambaa hulegea kwa joto. Nimeletewa jozi ambazo soli za vidole zimejikunja juu na kuachia kabisa, na mwenyewe anasema vilikaa "mbali" na moto. Vitundike kwenye upepo kivulini, vinakauka haraka tu.

#12 MzeeWaButi

Marahaba HemaMoja #4. Nakubali kuhusu theluji. Lakini bado hamjaniambia kuhusu mwiba. Soli ya milimita nne haizuii mwiba mrefu, na hakuna mazoezi ya misuli yatakayouzuia. Na kidole kidogo cha pembeni kikikwaa kisiki kikiwa peke yake kwenye kifuko chake, kinavutwa nje. Ndani ya buti kingekuwa kimelindwa na wenzake wanne na ngozi nene.

#13 NyayoNyepesi

Asanteni nyote, nimejifunza. Nijibu machache.

#5 Daktari: mwenzangu hakuwa mgeni wa kutembea peku. Nyumbani kwake havai kiatu, na amekua hivyo. Tena mimi ndiye niliyeishi na raba miaka yote. Kwa hoja ya misuli iliyolala, ningetarajia mimi ndiye niumie. Hapo ndipo tundu lilipo.

#9 BiKirago: vidole vyake vya kawaida, gumba ndilo refu. Lakini hili la ncha tupu nitamwomba aangalie, sikuwahi kuliwaza.

#11 Fundi: soli ni zilezile, nimezilinganisha zote mbili mkononi.

#12 Mzee: mwiba nakubali, kwenye njia za miiba sivivai. Kisiki nacho ni kweli. Ila nimeona kwamba ukivaa hivi unaanza kuangalia chini hatua tatu mbele, na miguu inanyanyuka zaidi. Kwenye buti nilikuwa naburuza.

#14 MnyooshaViungo

#13 hilo la kukua peku linabadilisha picha, lakini halifuti hoja. Kutembea peku sakafuni ni kazi tofauti na kutembea kutwa nzima kwenye mteremko na begi. Sakafu ni tambarare, mguu unafanya kitu kilekile kila hatua. Na peku mtu hujizuia mapema kwa sababu ngozi inalalamika. Ukiweka mpira mwembamba, ngozi inanyamaza na wewe unaendelea kupita kiasi ambacho mifupa inataka. Nashuku mwenzako aliumia kwa sababu alijiamini zaidi yako. Wewe ulijua ni mgeni, ukatembea kwa tahadhari.

#15 HemaMoja

#14 hapo pazuri. Kwa hiyo ngozi ndiyo breki?

#16 SuguNene

Si breki peke yake, ni kinga pia. Kuna utafiti mwingine wa timu ya Lieberman, ulitoka Nature mwaka 2019, walipima sugu za zaidi ya watu wazima 100, wengi wao Wakenya. Waliokuwa wakitembea peku walikuwa na sugu nene, lakini sugu hizo hazikupunguza hisi ya unyayo. Mtu anaendelea kuisikia ardhi vilevile. Sponji la kiatu ndilo linalopunguza hisi.

Mimi hapo napata wazo tofauti na la Daktari. Viatu vya vidole vimekaa katikati: havikuachi uote sugu, na havikupi sponji. Kwa safari fupi mimi naenda peku kabisa na nafurahia.

#17 BiKirago

Peku kambini mimi sikushauri kaka. Ardhi yenye unyevu na uchafu wa binadamu inabeba minyoo ya safura, inapenya kwenye ngozi ya mguu bila hata jeraha. Funza nao wanapenda pembezoni mwa kucha. Angalau mpira na kitambaa vinakutenganisha na udongo.

#18 MgeniNjiani

Wakuu naomba kuuliza, mimi shida yangu ni kambini tu. Njiani nina raba zangu. Je, vinafaa kweli kwa jioni au bora ndala? Maana jioni nataka miguu ipumue, na usiku nikitoka hemani nataka kitu cha kuchomeka haraka.

#19 HemaMoja

Mgeni karibu. Kwa kutoka usiku, chukua ndala au sandali. Nakueleza kwa nini.

Viatu vya vidole vinavaliwa kwa utaratibu. Unashika nyuma ya kisigino, unaanza na gumba, unakisogeza kiatu taratibu huku vidole vingine vikitafuta mlango wake. Vitatu vya kwanza vinaingia wenyewe. Cha nne na kidogo vinapenda kuingia kifuko kimoja, unahisi kubanwa, unavua, unatenganisha kwa mkono, unaanza tena. Mchana ni raha. Gizani, tochi mdomoni, miguu ina umande na haja inakusukuma, utakichukia kiatu.

Lakini kwa jioni yenyewe, kuteka maji, kukusanya kuni, kuvuka kijito, kunyoosha kamba za hema kwenye mteremko, ndala inakuacha. Ndala inakubana vidole vikunjike kuishikilia isitoke, kwa hiyo mguu haupumziki kama tunavyodhani. Vya vidole vinakaa, na vidole vinatawanyika baada ya kubanwa kutwa nzima. Mimi hiyo peke yake ndiyo sababu ya kuvibeba.

#20 Baridi

Kambi za juu zenye baridi, hapana. Vidole vilivyotenganishwa vinapoteza joto haraka, ni hadithi ileile ya glavu zenye vidole na zile zinazokusanya vidole pamoja. Soksi za vidole za sufu zinasaidia kidogo, lakini zikilowa umerudi ulikoanza. Na soksi nene hazitakiwi, zinajaza vifuko mpaka damu haipiti, baridi inazidi.

#21 MkweaKimya

Mimi niliacha kwa sababu ya harufu. Hilo hakuna aliyelisema.

#22 FundiSoli

#21 harufu ni bakteria kwenye kitambaa cha plastiki kinachogusa ngozi moja kwa moja. Vifue kila baada ya safari kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, usugue ndani ya kila kifuko kwa kidole, usuuze mpaka sabuni iishe, uvining'inize vidole vikiangalia chini. Ukivaa soksi nyembamba za vidole, zipo kampuni kama Injinji zinazotengeneza, unafua soksi na kiatu kinakaa muda mrefu bila kunuka. Na ukaushe katikati ya vidole vyako pia, fangasi haingoji.

#23 SoliNyembamba

Turudi kwenye begi. NyayoNyepesi amesema mizigo wamegawana sawa. Kilo ngapi?

Nauliza kwa sababu kuna hoja inayozunguka kwamba uzito mguuni unaumiza kuliko mgongoni. Watafiti Soule na Goldman walipima mwaka 1969, wakaona kwamba mzigo uliofungwa miguuni unakula nguvu mara nne mpaka sita kuliko mzigo uleule ukiwa mwilini. Buti nzito za ngozi zinapita kilo moja na nusu kwa jozi, vya vidole vingi havifiki nusu kilo. Kwa hesabu hiyo umetua kilo nne mpaka sita za begi. Ndiyo maana wewe jioni uko mzima.

#24 MzeeWaButi

Hesabu hiyo ni ya nguvu ya mwili, mapafu na moyo. Haizungumzii mfupa wa mguu unapata nini. Kilo 15 za begi zinakandamiza unyayo uleule, na soli ndiyo iliyokuwa ikizisambaza. Msichanganye kuchoka na kuumia.

#25 MnyooshaViungo

Mzee #24 uko sahihi kabisa.

#26 SoliNyembamba

Basi Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alipata wapi mifupa? Alishinda marathoni za Olimpiki zote mbili peku!

#27 Kumbukumbu

Moja, siyo zote mbili. Roma 1960 alikimbia peku, saa 2:15:16. Tokyo 1964 alivaa viatu na soksi, akamaliza kwa 2:12:11. Zote zilikuwa rekodi za dunia. Na Roma hakwenda peku kwa itikadi, viatu alivyopewa havikumkaa vizuri na mazoezini alishazoea kukimbia bila viatu.

Kama unataka mfano wa kutembea, mtaje Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia nzima ya Appalachian ya Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za kawaida za kitambaa na mfuko mmoja begani. Hakuwa na buti wala viatu vya vidole. Mimi nadhani siri yake ilikuwa ule mfuko mdogo.

#28 Kifundo

SoliNyembamba leo unarekebishwa kila kona, lakini usikate tamaa, uzi unanoga kwa ajili yako 😂

#29 SoliNyembamba

Sikati. Tokyo hakuwa na begi, Roma hakuwa na begi. Gatewood alikuwa na mfuko mdogo. Mnanisaidia hoja yangu ya #23: tazameni begi.

#30 Wakili

Kwa wanaofikiria kununua kwa sababu ya tangazo la "kuimarisha misuli", kumbukeni Vibram walishtakiwa Marekani mwaka 2012 na wanunuzi waliodai kwamba faida za kiafya zilizotangazwa hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 walikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

#31 MnyooshaViungo

#30 taarifa ni sahihi, ila tusiishie 2014. Sarah Ridge yuleyule wa utafiti wa mifupa nilioutaja #5 alitoa mwingine 2019. Safari hii watu *walitembea* tu na viatu vya soli nyembamba, wakiongeza hatua taratibu kwa wiki 8. Misuli midogo ya mguu iliongezeka ukubwa na nguvu, karibu sawa na waliofanya mazoezi maalumu ya mguu.

Kukimbia kulielemea mifupa, kutembea kuliimarisha misuli. Kutembea na kilo 15 mteremkoni sijui tukuweke upande gani, na hapo ndipo mwenzake NyayoNyepesi aliposimama.

#32 NyayoNyepesi

Nimemuuliza kama mlivyotaka. Majibu: begi lake lilikuwa kama kilo 14, langu vilevile. Ncha tupu hazipo, vidole vinajaa vizuri. Hakuumia kwenye kupanda, alianza kusikia maumivu kwenye mteremko mrefu wa mwisho, na kwenye mteremko ule alikuwa mbele yangu kwa mbali kwa sababu alikuwa anakimbilia kupiga hema kabla ya mvua.

Na jambo jingine ambalo sikulitaja #1: mimi natembea na fimbo mbili, yeye hatumii.

#33 HemaMoja

Ndugu yangu, fimbo mbili! Tumezunguka kurasa zote hizi na wewe una miguu minne!

#34 MzeeWaButi

Nilijua kuna kitu.

#35 SoliNyembamba

Mteremko, haraka, bila fimbo. Alikuwa anapigiza kisigino. Rejeeni #8.

#36 MnyooshaViungo

#35 kupigiza kisigino kungeumiza kisigino. Yeye kaumia katikati ya unyayo. Mteremkoni ukiwa na haraka unafunga breki kwa mbele ya mguu, na mifupa ile mirefu inapinda kila hatua. Fimbo zinachukua sehemu ya mzigo huo, nakubali. Lakini nina wagonjwa wanaotumia fimbo na bado wameumia palepale, kwa hiyo siwezi kuzipa fimbo sifa zote.

#37 BiKirago

Mimi naongeza: mtu mwenye haraka ya mvua hasimami kurekebisha kiatu. Kama kijiwe kimeingia au kitambaa kimejikunja chini ya unyayo, anaenda nacho mpaka chini. Muulize kama alivua viatu njiani hata mara moja. Kwenye viatu hivi mchanga ukiingia hauna pa kujificha, unakaa chini ya unyayo sehemu ya mbele, na kuvua ni kazi kama HemaMoja alivyoeleza #19, basi watu wanavumilia.

#38 NyayoNyepesi

Dada, nitamuuliza. Fimbo za akiba za kumpa ninazo, safari ijayo atazijaribu kwanza na raba, halafu na vya vidole bila begi. Tukirudi nitaleta majibu.

#39 MgeniNjiani

Samahani kuingilia wakuu. HemaMoja asante kwa #19. Nina swali jingine: kidole changu cha pili na cha tatu vimeungana ngozi mpaka katikati tangu kuzaliwa. Vitaingia?

#40 FundiSoli

Havitaingia vizuri, ukuta wa kifuko utakaa juu ya ile ngozi na kuikata. Usivilazimishe. Tafuta kiatu cha soli nyembamba chenye nafasi pana ya vidole bila kuvitenganisha, soli yake inafanya kazi ileile. Zipo hata za kamba, za mtindo wa sandali, ila hakikisha kamba ya mbele inapita kati ya gumba na kidole cha pili, hapo kwako pako wazi.

#41 MgeniNjiani

Pako wazi ndiyo. Shukrani fundi.

#42 Baridi

FundiSoli, na hizo za kamba mto ukiwa na mkondo mkali zinakaa mguuni au zinakwenda na maji?

#43 FundiSoli

Inategemea kamba ya nyuma ya kisigino. Ikiwa inazunguka juu ya kifundo na ina kifungo cha kukaza, zinakaa. Ikiwa ni ya mbele tu, zifunge kwenye begi uvuke na kitu kingine.